Mafuta si mafuta: namna ya kujua kama mafuta ya freni ya pikipiki yameharibika



Katika namba hii sitaongea juu ya mbolea wala juu ya ugonjwa wa migomba. Nitaongea juu ya kisanduku kidogo kinachokaa kwenye usukani wa pikipiki. Hakijazi hata kikombe cha chai, lakini kilitulia franga nyingi na karibu kitulie mtu.

Munajua kazi ya pikipiki katika koperative za kahawa za huku kwetu kwenye Ziwa Kivu. Kahawa nyekundu ikivunwa asubuhi, inapaswa kufika kwenye kituo cha kuosha siku ile ile. Ikilala ndani ya mfuko inaanza kuchacha na ladha yake inapotea. Mashamba yako juu mlimani, kituo kiko chini karibu na maji. Pikipiki inapanda tupu, inashuka na mizigo. Kwa hiyo kazi ngumu kweli si ya injini, ni ya freni.

Koperative moja ninayoifuata ilikuwa na pikipiki yenye freni ya diski mbele. Wakati wa mavuno dereva wake alianza kulalamika. Aliniambia: "Agronomu, hii freni iko inajikamata yenyewe. Asubuhi iko muzuri, nikifika katikati ya mulima inakuwa nguvu sana, ni kama kuna mutu anakamata roda." Komite ikanunua plaketi mpya. Baada ya wiki mbili, tatizo lile lile, plaketi zimekwisha. Wakanunua tena. Mara ya tatu mtunza sanduku akasema dereva anaendesha huku mkono umelala juu ya freni, na komite ikaamua kumkata bei ya plaketi kwenye mshahara wake. Ripoti iliandikwa na mimi pia niliweka sahihi. Sikuwa nimegusa hata visi moja ya ile pikipiki.

Siku chache baadaye, kwenye kona ya mteremko, roda ya mbele ilifunga bila yeye kushika freni. Alianguka na mifuko miwili. Kahawa ilimwagika bondeni, na yeye aliumia bega. Kama kungekuwa na lori linapanda, leo nisingekuwa ninaandika juu ya plaketi.

Ndipo tulifungua kile kisanduku. Chini ya kifuniko kuna mpira mwembamba unaoziba. Ule mpira ulikuwa umevimba na kujikunja kama muhogo uliolowekwa siku tatu. Tulijaribu kuurudisha mahali pake, ukakataa, ulikuwa mkubwa kuliko kisanduku chenyewe. Nikamuuliza kijana ni nani alitia mafuta humu ndani. Akajibu: "Ni kule garaji, Agronomu. Mafuta ilikuwa imeshuka, fundi akaongeza ya motere. Alisema mafuta ni mafuta."

Jina ndilo linatudanganya

Fundi yule simlaumu sana. Sisi wote tunasema "mafuta ya freni", na kwa Kifaransa cha sokoni watu wanasema hivyo hivyo. Lakini kile kimiminiko si mafuta kama ya injini, ya mawese au mazutu. Kile cha DOT 3 na DOT 4, ambacho pikipiki nyingi zinatumia, kimetengenezwa kwa aina ya glikoli. Mafuta ya injini hayachanganyiki na maji, yanaelea juu. Kimiminiko cha freni kinachanganyika na maji kabisa, kama sukari ndani ya chai. Mukishika hilo moja, mumeshika nusu ya jambo lote, kwa sababu kipimo ambacho nitawaonyesha kinasimama juu ya hilo.

Hakifanyi pia kazi ya kulainisha chuma kama mafuta ya injini. Kazi yake ni kusukuma. Ukishika mkono wa freni, pampu ndogo kwenye usukani inakisukuma ndani ya bomba la mpira, kinafika chini kwenye etriye, kinasukuma pistoni, na pistoni zinabana plaketi kwenye diski. Ukiachilia, kinarudi juu kupitia tundu dogo sana, kama ncha ya sindano, lililo chini ya kisanduku. Njiani kote kuna mipira midogo inayozuia kisivuje. Mipira hiyo imechaguliwa kwa ajili ya glikoli. Ikikutana na mafuta ya petroli, yawe ya injini, ya kriki, mazutu au esanse, inanyonya na kuvimba.

Sasa muangalie ile pikipiki yetu. Mpira wa ndani ya pampu ulivimba ukafunika lile tundu dogo. Dereva anashika freni, kimiminiko kinashuka. Anaachilia, hakiwezi kurudi. Plaketi zinabaki zinagusa diski, diski inapata moto, moto unapanua kimiminiko, na kikipanuka kinabana zaidi. Mwishowe roda inafunga yenyewe. Usiku inapoa, asubuhi kila kitu ni sawa, na mheshimiwa wa komite anapojaribu pikipiki kwenye parseli anasema dereva ni muongo.

Kabla sijaendelea: pikipiki nyingi za kubeba mizigo, zile Boxer na TVS za barabarani, zina freni za ngoma zinazovutwa na waya au fimbo ya chuma. Hizo hazina kimiminiko chochote, na kama freni yake imelegea, ni waya au viatu vya ndani. Makala hii ni ya wale wenye diski, wale wanaoona kisanduku chenye kidirisha kwenye usukani. Na pia ni ya baadhi ya pikipiki za matairi matatu, ambazo zina kisanduku kama hicho karibu na pedali ya mguu. Za matairi matatu zinabeba mzigo mara nyingi zaidi, kwa hiyo wenye nazo wasome mara mbili.

Adui watatu, na kila mmoja ana tabia yake

Kuna vitu vitatu vinavyochafua kimiminiko cha freni: maji, mafuta mengine, na uchafu. Havionekani kwa namna moja, na dawa zake ni tofauti. Ndiyo sababu ya kutambua kwanza kabla ya kulipa.

Maji yanaingia polepole, bila mtu kukosea. Munajua mahindi: mumeyakausha vizuri mpaka yakashuka kwenye 13 kwa mia, mukaacha mfuko wazi wakati wa mvua, yenyewe yanavuta unyevu kutoka hewani. Kimiminiko cha freni kina tabia hiyo hiyo. Kinavuta unyevu kupitia bomba la mpira, kupitia kifuniko kisichofungwa vizuri, na zaidi ndani ya chupa iliyofunguliwa na kuachwa depo mwaka mzima. Kikiwa kipya, DOT 3 inapaswa isichemke kabla ya digri 205, na DOT 4 kabla ya digri 230. Kikishanyonya maji karibu 3.7 kwa mia, kiwango kinachodaiwa ni digri 140 tu kwa DOT 3, na 155 kwa DOT 4. Kwenye barabara tambarare mtu hataona tofauti. Lakini kwenye mteremko mrefu, na mifuko miwili nyuma, mkono umeshika freni muda wote, etriye inapata moto mkali na yale maji yanakuwa mvuke. Kimiminiko hakibanwi, ndiyo maana kinasukuma. Mvuke unabanwa. Unashika freni, mkono unakwenda mpaka kwenye usukani, na pikipiki inaendelea kushuka.

Dalili ya maji basi ni hii: freni inakuwa laini kama sifongo baada ya kushuka kwa muda mrefu, kisha ukisimama nusu saa au saa moja inarudi nzuri. Ni kinyume cha ile ya mafuta ya injini, ambayo inakuwa ngumu na kujibana. Muulizeni dereva swali moja: "Ikipata moto, inalegea au inajikaza?" Jibu lake ni la thamani kuliko maoni ya komite nzima, kwa sababu yeye ndiye alikuwa juu yake.

Kama freni ni laini tangu asubuhi, kabla ya kupata moto, lakini ukiipampu mara tatu nne inakuwa ngumu, hapo fikirieni kwanza hewa ndani ya bomba. Ni kosa la kazi ya kutoa hewa au ni mahali panapovuja.

Mafuta mengine hayaingii yenyewe. Yanaingia kwa mkono wa mtu. Ama ameongeza kitu kisichofaa, ama ametumia faneli au chupa iliyokuwa na mafuta ya injini, ama ameosha pampu kwa esanse. Kiasi kidogo kinatosha kuharibu. Dalili zake nimeshazisema: mkono mgumu usio na nafasi ya kucheza, roda nzito, diski inayopata moto hata kwenye tambarare, plaketi zinazoisha haraka. Baadaye mipira ikishaharibika kabisa, inaanza kuvuja.

Uchafu ni vumbi, tope, au unga mweusi wa mipira inayochakaa. Mara nyingi unaingia wakati mtu anafungua kifuniko bila kupanguza. Ukichovya kitambaa cheupe mkaona punje nyeusi, jueni kwamba mipira ya ndani inaisha au chuma kinaliwa na kutu. Pale hakuna haraka ya dakika, lakini muache kusema "tutaangalia musimu ujao".

Kipimo cha chupa

Wengi wenu munakumbuka kipimo cha udongo tulichofanya kwenye shamba la mfano: udongo na maji ndani ya chupa nyeupe, tunatikisa, tunaacha, mchanga unashuka kwanza na mfinyanzi mwisho. Hiki ni ndugu yake. Kinataka vitu ambavyo munavyo: chupa mbili ndogo za kioo zilizo safi na kavu, bomba la sindano jipya bila sindano yake (si lile lililopitisha dawa ya ng'ombe), karatasi nyeupe, kitambaa kisafi, turnevisi, na maji safi. Mutafute pia chupa ndogo mpya ya mafuta ya freni ambayo haijafunguliwa, aina ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku.

Pikipiki iwe imepoa. Zungusha usukani mpaka kisanduku kisimame sawasawa, na funika tangi kwa kitambaa kilicholowa maji, kwa sababu kile kimiminiko kinakula rangi. Panguza kifuniko na visi zake mpaka vumbi liishe. Kisha fungua polepole.

Msikimbilie kimiminiko. Angalieni kwanza ule mpira wa chini ya kifuniko. Mpira mzuri unatoka ukiwa na umbo lake na ukiurudisha unakaa bila kulazimishwa. Ukiwa umevimba, una mawimbi, ni laini ajabu au haurudi mahali pake, jibu mumelipata tayari: mafuta ya petroli yamepita humu. Kwa maoni yangu huyu ndiye shahidi mkweli kuliko wote, kwa sababu mtu anaweza kubadilisha kimiminiko ili kuficha kosa, lakini mpira uliovimba hauna namna ya kujificha.

Sasa vuteni kidogo kwa bomba la sindano, kutoka juu kabisa, maana mafuta ya injini ni mepesi na yanapanda juu. Wekeni ndani ya chupa ya kwanza. Ndani ya chupa ya pili wekeni kiasi kile kile cha kimiminiko kipya. Hiyo ya pili ni kama ule mstari usiotiwa mbolea kwenye shamba la majaribio: bila ya kulinganisha nayo, macho yanadanganya. Wekeni karatasi nyeupe nyuma. Kipya kwa kawaida ni cheupe kinachoelekea manjano, na mtu anaona upande wa pili. Cha zamani kinakuwa kama chai, kisha kama kahawa. Rangi nyeusi peke yake haisemi ni adui gani, inasema tu kwamba kimezeeka. Kikiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, kuna kitu kimechanganyika ambacho hakikupaswa kuwemo.

Mwisho, ongezeni maji ndani ya chupa zote mbili, kiasi sawa na kimiminiko, mufunge, mutikise, muache kwa saa moja. Chupa ya kipya itabaki moja, hakuna mstari katikati. Kama chupa ya pikipiki inaonyesha tabaka linaloelea juu, au matone ya mafuta yanayozunguka kwenye uso wa maji kama kwenye supu, kuna mafuta ya petroli. Chupa yetu ilikuwa na tabaka nene la rangi ya kahawia. Mtunza sanduku aliiangalia muda mrefu bila kusema neno.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Hakiwezi kuonyesha maji, kwa sababu maji yamechanganyika na kujificha tangu zamani. Kwa maji mutategemea maneno ya dereva na umri wa kimiminiko. Na kama mafuta yaliingia kidogo sana, tabaka linaweza lisionekane. Ndiyo maana nasema tena, mpira kwanza.

Kilichopimwa hakirudi kwenye kisanduku. Ni sumu, na kinaonekana kama kinywaji au mafuta ya kupikia. Msikiweke ndani ya chupa ya soda, wala karibu na kahawa au mbegu, wala watoto wasikiguse. Kikimwagika kwenye ngozi au kwenye rangi, osheni kwa maji mengi.

Kama freni inajibana, tafuteni ni wapi

Freni inayojibana haitokani na mafuta mabaya tu. Kabla ya kumshitaki mtu, simamisheni pikipiki kwenye bekiye ya katikati, mmoja akandamize nyuma ili roda ya mbele iinuke. Izungusheni kwa mkono. Sauti ndogo ya plaketi kugusa si kitu. Shikeni freni mara tano, achilieni, muzungushe tena. Ikizunguka kama mwanzo, ni vizuri. Lakini irudieni pikipiki ikiwa imetoka safari, kwa sababu tatizo letu lilikuwa linajionyesha kwenye moto tu. Msiguse diski, inaunguza. Diski nzima ikiwa na joto kali baada ya safari ya tambarare, mmeshapata dalili.

Angalieni pia kama mkono wa freni una nafasi kidogo ya kucheza kabla haujaanza kusukuma. Pikipiki iliyoanguka mara nyingi ina mkono uliopinda, unaosukuma pampu kidogo muda wote. Hilo ni tatizo la bei ndogo na watu wengi wanalipita.

Kisha, roda ikiwa bado imebanwa na diski imeanza kupoa, fundi aweke kibomba cheupe kwenye visi ya kutolea hewa ya etriye, upande wa pili wa kibomba uingie ndani ya chupa, na aifungue robo tu. Ikiwa kimiminiko kinaruka na roda inakuwa huru mara moja, nguvu ilikuwa imefungwa ndani: ama mpira wa pampu umevimba, ama bomba lenyewe limevimba ndani na kuziba njia ya kurudi. Ikiwa roda inabaki nzito, kosa liko kwenye etriye, pistoni zimeshika kutu au tope limejaa kwenye vyuma vinavyotelezesha. Hapo hakuna wa kulaumu isipokuwa barabara zetu. Baada ya kipimo hicho fundi afunge visi vizuri, aangalie kiasi cha kimiminiko, na ashike freni mpaka iwe ngumu kabla ya pikipiki kutembea hata mita moja.

Dawa si moja

Kama ni maji au uzee, dawa ni nyepesi. Kimiminiko chote kinatolewa na kipya kinaingizwa kutoka juu mpaka kinachotoka chini kiwe kisafi, bila hewa. Kisanduku kisiachwe kikauke katikati ya kazi, la sivyo hewa inaingia na mutaanza upya. Mtumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Aina inayoitwa DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine, muiache dukani.

Kama ni mafuta ya petroli, kubadilisha kimiminiko peke yake ni kutupa pesa. Mipira imeshanyonya, itaendelea kuvimba na kuachia. Inapaswa kubadilishwa yote: mipira ya pampu, mipira ya etriye, bomba, na ule wa chini ya kifuniko. Vyuma vinaoshwa kwa alkoli au dawa ya kusafishia freni, kamwe si kwa esanse wala mazutu, kwa maana huko ni kurudisha ugonjwa ule ule. Najua kwamba mipira hii haipatikani kila duka, na mara nyingine fundi atasema ni rahisi kununua pampu nzima na etriye nzima. Mara nyingine ana haki.

Komite iliniuliza: tukisubiri vipuri, kahawa itafikaje chini? Swali ni la kweli, kahawa haisubiri. Lakini pikipiki ambayo roda yake inaweza kufunga kwenye kona haipaswi kubeba mtu, hata bila mzigo. Tulikodi pikipiki nyingine kwa siku tisa, na watu wa mashamba ya karibu walishusha kwa kichwa. Ilikula sehemu ya faida, sitaficha. Plaketi tulizonunua bure, kahawa iliyomwagika na matibabu ya bega vilikula zaidi.

Kosa linaanza pale kisanduku kinaposhuka

Narudi kwa fundi wa garaji. Kwa nini aliongeza? Kwa sababu aliona kimiminiko kimeshuka. Na kwa nini kilishuka? Hakukuwa na mahali panapovuja. Plaketi zilikuwa zimechakaa tu. Plaketi zikiwa nyembamba, pistoni zinatoka mbele zaidi, na kimiminiko kinashuka kujaza nafasi nyuma yake. Mukiweka plaketi mpya, kinapanda tena chenyewe. Kwa hiyo kisanduku kikionyesha kimeshuka, muangalie plaketi kwanza, kisha mutafute unyevu wa kuvuja kwenye bomba, etriye na pampu. Siku ile hapakuwa na haja ya kuongeza kitu chochote.

Katika koperative ile sasa kuna kaye ya pikipiki. Ndani yake wanaandika siku ya kubadilisha kimiminiko, aina yake, na jina la aliyefungua kisanduku. Wanakibadilisha kila miaka miwili, na kwa pikipiki inayoshuka mlima kila siku ningependa kila mwaka. Wananunua chupa ndogo, inatumika siku ya kufunguliwa, na kinachobaki hakirudi kwenye kisanduku musimu ujao.

Pesa zilizokatwa kwa dereva zilirudishwa kwa mara mbili, na kwenye kikao niliomba ripoti ile iandikwe upya, bila jina lake kwenye mstari wa kosa na bila kusahau sahihi yangu. Bega lake limepona ila halipendi baridi. Ndiye anafanya kipimo cha chupa sasa pikipiki nyingine zinapoletwa.

Kwenye ziara yangu ijayo nitakuja na chupa, bomba za sindano na kimiminiko kipya. Wenye pikipiki za diski wazilete mapema asubuhi, kabla hazijafanya kazi, na dereva awepo mwenyewe. Tutaanza na zile za matairi matatu.